Upinde wa Mvua Kwenye Taa ya Karoo

Greyville, Durban,
Afrika Kusini.
Jumapili, 20 Septemba 1998

Mpendwa wifi yangu Atuganile,

Habari za hapo Tukuyu? Habari za watoto, na za shamba la chai? Mguu wa Mama unaendeleaje, bado unamsumbua akishuka kisimani? Nimesikia mwaka huu kiangazi kimekuwa kirefu hata kwenu, na nimeshindwa kuamini, maana mimi Tukuyu naijua kwa matope tu. Natumaini barua hii itawakuta wote wazima, na yule ng'ombe mweusi ameshazaa salama.

Sisi huku tu wazima. Baba pia yu hai, na leo asubuhi amekunywa uji wote. Nimeliweka hili mwanzoni kwa makusudi, wifi, kwa sababu nakujua. Wewe barua unaisoma kuanzia chini, unatafuta kwanza kama kuna msiba, kisha ndiyo unarudi kwenye salamu. Safari hii nakuomba uende nami taratibu kutoka juu. Soma kwanza peke yako, halafu ndipo umsomee Mama, siku ambayo hana hasira na mtu.

Kuna Watanzania wa huku watakaokuja nyumbani Desemba, na unajua maneno yanavyowahi kufika kuliko mizigo. Sitaki Mama aambiwe gengeni kwamba mke wa Japhet amemshika mkwe wake mkono. Ni kweli nimemshika. Nataka mjue kutoka kwangu ilikuwaje.

Wewe uliolewa na mtu ambaye baba yake alikwisha fariki, kwa hiyo mwiko wa mkwe unaujua kwa kuuona kwa wengine. Mimi nimeishi nao tangu siku niliyoingia kwenu. Mpaka safari hii nilikuwa sijawahi kumtazama Baba usoni. Nilikuwa sijala mbele yake, sijakaa naye chumba kimoja, sijamwambia hata neno moja, na jina lake halijatoka mdomoni mwangu. Hata hapa kwenye karatasi mkono unakataa kuliandika. Nyumbani haina shida, migomba ni mingi, mtu unachepuka tu. Lakini hapa Greyville tuna chumba kimoja na jiko, na ngazi ni hiyo hiyo moja kwa watu wote. Baba alipokuja kutibiwa ilibidi alale kwa Zénon, yule jirani yetu Mkongo wa ghorofa ya chini, fundi magari. Japhet alikuwa anampelekea chakula. Mimi kila nikishuka ngazi nakohoa, ili kama Baba yuko mlangoni aingie ndani. Nilikohoa mpaka Colette, mke wa Zénon, akaniletea dawa ya kifua. Nilipomweleza sababu alicheka, kisha akaniuliza kama nilikuwa sitanii.

Sasa suala la jicho. La kushoto mnajua lilikwenda zamani. La kulia ndilo limebaki, na daktari wa hapa alisema nalo lina ugonjwa ule ule, presha ya macho. Alieleza kwamba ndani ya jicho kuna njia nyembamba ya kutolea maji, na ya Baba ni finyu mno, siku yoyote inaweza kuziba ghafla. Wangemtoboa tundu dogo kwa mionzi, lakini foleni ilikuwa ndefu, tukapewa tarehe ya mwezi wa kumi. Akamwambia Japhet pembeni: mzee akianza kuona duara za rangi kuzunguka taa, mfano wa upinde wa mvua, na jicho likauma, msingoje. Saa chache tu zinatosha kulipoteza.

Japhet aliniambia mimi. Kwa Baba hakulisema. Alisema mzee akijua atakesha anazitafuta hizo duara kwenye kila taa ya Durban, na presha itapanda kwa wasiwasi. Nilimwambia si vizuri kumficha mtu habari za mwili wake. Akanijibu kwamba huyo ni baba yake. Nikaliacha, kwa kuwa hata kama ningetaka kumwambia mwenyewe, ningepitia wapi?

Safari yenyewe aliitaka Baba. Unakumbuka alivyokuwa akifundisha jiografia na sayansi pale shuleni, na ile picha aliyoichora ukutani, ya mnyama wa kale mwenye mwili wa nguruwe na meno mawili yaliyochomoza? Japhet anasema nyinyi mlikuwa mnamwogopa. Mifupa ya wanyama wa jamii hiyo imechimbwa bonde la Ruhuhu huko kwetu kusini, na imechimbwa pia huku Karoo, katika nchi kavu iliyo katikati ya Afrika Kusini. Baba amewafundisha watu jambo hilo miaka yote bila kuuona hata mfupa mmoja. Akamwambia Japhet, "Kabla hawajaligusa jicho hili, nataka nimwone. Wakiliharibu, niwe nimemwona." Utamkatalia mtu namna hiyo?

Japhet aliomba likizo kazini. Mtoto tulimwacha kwa Colette. Zénon akatuazima gari lake kuukuu la rangi ya maziwa, akafungua boneti na kutuonyesha kila kitu kwa majivuno. "Gari iko bien, mzuri kabisa, mama," akaniambia. "Mkanda ya feni iko inalia kidogo asubuhi, kama bébé. Ikishapata moto inanyamaza. Sharp sharp, usiogope."

Mimi niliogopa. Japhet akakaa kwenye usukani, Baba kando yake, mimi nyuma kabisa ya kiti cha Baba, na katikati tukatundika khanga. Kioo cha dereva Japhet alikigeuza kikatazama paa. Ndivyo tulivyoondoka Durban, polisi wa kwanza akatusimamisha kabla hata hatujaumaliza mji, akidhani nyuma ya ile khanga tumeficha mtu.

Tulipita Kokstad, tukapita Queenstown na Cradock, na kila tulivyozidi kwenda nchi ilizidi kukauka, mpaka ikabaki mawe, vichaka vya kimo cha goti na vilima vilivyokatwa vichwa. Baba alikuwa anafundisha njia nzima. Alituambia kwamba hili si jangwa kamili, ni nusu jangwa, na kwamba zamani hapa palikuwa na mito mikubwa na wanyama walikufa wakazikwa na tope. Mimi nilikuwa nasikiliza nyuma ya khanga kama mwanafunzi aliyechelewa darasani. Wifi, baba yako nimemjua kwa sauti tu, na ile sauti naipenda. Ndiyo maana niligundua mapema kwamba imeanza kubadilika. Alikuwa anakatisha maneno. Alisema kichwa kinamgonga upande wa kulia, kisha akasema ni vumbi.

Kando ya barabara zile kuna vyumba vya makumbusho ya sayansi, vidogo vidogo, mtu binafsi ameamua tu kukusanya vitu vyake na kuweka kibao. Cha kwanza kilikuwa cha mitambo ya upepo inayovuta maji ardhini. Tuliingia kwa zamu: Baba na Japhet kwanza, mimi nikabaki garini, walipotoka wakaenda kusimama nyuma ya nyumba, ndipo nikaingia. Mama wa Kizungu aliyekuwa mwenyeji alidhani tumegombana. Alituletea kahawa kwenye sinia moja ili tupatane. Japhet alitumia muda mrefu kumweleza, na yule mama akaondoka na sinia akitikisa kichwa. Nilicheka, lakini nilipokuwa dirishani niliona mgongo wa Baba akirudi garini, na mkono wake ulikuwa unapapasa ukuta njia nzima.

Nilimwambia Japhet jioni ile tulipolala kwenye nyumba ya wageni. Nilimwambia turudi. Alisema mzee amechoka tu, na makumbusho ya mifupa yako mbele, kesho tutafika. Tukajibizana kwa kunong'ona, maana Baba alikuwa chumba cha pili. Sikulala vizuri.

Kesho yake mchana tukafika kwenye makumbusho ya nyota. Hapo ndipo palipotokea, wifi, kwa hiyo soma polepole.

Ilikuwa nyumba ya mawe iliyosimama peke yake, hakuna kitu kingine mpaka macho yanapochoka. Chumba cha mbele kina kaunta, simu, vipande vya vimondo ndani ya kabati, na taa moja inayoning'inia. Cha nyuma kimefungwa madirisha yote, giza totoro, na darini wametoboa matundu na kuweka taa ndogo, kila nyota mahali pake. Unaingia kwa mbele na kutokea mlango wa uani. Baba alikaa mle gizani muda mrefu na mzee mwenye nyumba. Nilisikia mpaka garini wakibishana kuhusu nyota kwa Kiingereza, wanafurahi. Hatimaye Baba akatokea uani, akakaa kwenye benchi, na mimi nikaingia kwa mbele.

Wakati huo huo Japhet akawasha gari, na ule mkanda wa Zénon ukakatika. Haukulia hata mara moja. Mwenye nyumba alikuwa na pikapu, akasema mjini atapata mwingine, na Japhet aende naye achague unaofaa. Japhet akachungulia dirishani kuniaga. "Hatukawii," akasema. "Halafu iangalie hiyo taa, Baba ameisifu sana. Anasema wameizungushia upinde wa mvua, hajui wametumia kioo gani. Mzee amefurahi kama mtoto." Akaruka ndani ya pikapu.

Alikuwa amechanganyikiwa na gari, wifi. Sitaki umlaumu zaidi ya ninavyomlaumu mimi. Alilisema lile neno kwa mdomo wake mwenyewe na masikio yake hayakulisikia.

Nikainua macho nikaitazama taa. Ilikuwa balbu ya kawaida, chafu, ina madoa ya nzi. Nikadhani labda nimesimama pabaya, nikahama. Nikaizima nikaiwasha tena. Nikatazama kama kuna kioo chochote karibu. Hapakuwa na upinde wala rangi. Ndipo nikakumbuka maneno ya daktari. Tungekuwa tumeingia pamoja kama watu wengine, Baba angenyoosha kidole, mimi ningesema sioni, na kila kitu kingejulikana palepale. Lakini tulikuwa tunaingia kwa zamu, kila mmoja anaona ya kwake. Nikakimbia nje nikipunga mikono. Pikapu ilikwisha kuwa vumbi tu kwa mbali.

Niliporudi ndani nilimsikia Baba anagumia. Mwanga wa uani ulikuwa umemchoma jicho, akaona afadhali arudi kwenye kile chumba cha giza, akajilaza sakafuni. Kati yangu na yeye palikuwa na pazia. Nikasikia anatapika.

Nilisimama pale, sitakudanganya. Nilimwona Mama akinishika bega siku ya kuondoka kwangu, akiniambia kwamba mwanamke anayeuvunja mwiko ule huwaletea ugonjwa wanawe. Nikamkumbuka mtoto wangu aliye kwa Colette. Niliogopa hasa, wifi, siyo kidogo. Halafu nikasikia tena anavyogumia, na nikakumbuka kadi ya kliniki iko mkobani mwangu, na simu iko kaunta.

Nikapiga. Baada ya kuzungushwa huku na kule akapokea nesi wa macho. Nikamweleza harakaharaka duara za rangi, maumivu, kutapika. Akauliza jina la mgonjwa ili atafute faili. Nikamwambia ni baba mkwe wangu. Akasema, "Nimesikia, dada, lakini jina lake nani?" Nilijaribu, wifi, nilijaribu kweli, ulimi ukawa mzito kama jiwe. Yule nesi anaita halo, halo, anadhani simu imekatika.

Basi nyuma ya pazia Baba akalitaja mwenyewe. Alilitaja kwa sauti ya darasani, taratibu, kama anayemwandikisha mtoto imla. Kisha akasema, "Litaje, mwanangu. Nimekuruhusu mimi mwenye nalo."

Nikalitaja. Nesi akaipata faili, na hapo hapo sauti yake ikabadilika. Akauliza mgonjwa yuko wapi. Nikasema amelala chumba cha giza. Akapiga kelele, "Mtoe! Giza linazidi kulifunga hilo jicho. Mtoe kwenye mwanga sasa hivi, halafu ulitazame, uniambie likoje."

Nikaweka mkono wa simu juu ya kaunta, nikafunua pazia. Nyota zote zilikuwa zinawaka darini, na Baba yuko chini, ameugeukia ukuta na kujifunika uso kwa kofia, siyo kwa sababu ya jicho. Alikuwa ananisitiri mimi. Unajua neno la kwanza nililomwambia baba yako maishani mwangu ni lipi? "Shikamoo, Baba." Mtu anakufa jicho na mimi nampa shikamoo. Naye, na matapishi yake kwenye shati, akaniitikia marahaba.

Nikamshika mkono nikamwinua. Ni mwepesi kuliko nilivyodhani. Nikamkalisha kwenye kiti karibu na dirisha, kichwa nimekilaza nyuma kwenye mto wa kiti. "Baba," nikamwambia, "fungua jicho." Akalifungua. Nikamtazama.

Nilikuona wewe, wifi. Una mdomo wake na kidevu chake, na mimi miaka yote hii nilikuwa sijui umevitoa wapi. Sikupata nafasi ya kushangaa. Jicho lilikuwa jekundu kama nyanya, lile doa jeusi la katikati limepanuka na halisogei hata kwa mwanga, na juu yake kumetanda ukungu kama kioo cha bafuni. Nikakimbia kwenye simu nikamweleza nesi. Akasema alazwe chali, asirudi gizani, na yeye anapiga simu hospitali ya mji wa karibu waandae dawa na walete ambulensi. Kama pikapu ikirudi kabla ya ambulensi, tuondoke nayo hiyo hiyo.

Tukabaki wawili, tunasubiri. Baba akaniuliza, "Zile duara za kwenye taa, si za makumbusho?"

Nikasema, "Si za makumbusho, Baba. Taa ni ya kawaida."

Kisha akasema, "Wewe umezijuaje?"

Ningeweza kusema nimeambiwa na nesi sasa hivi. Lakini nilikuwa nimemshika mkwe mkono, ningeanzaje tena kumdanganya? Nikamwambia daktari alimweleza Japhet, na Japhet akanieleza mimi. Aliuvuta mkono wake ukatoka kwangu, nami nikaenda kusimama mlangoni kuangalia barabara. Huo ndio muda mbaya kuliko wote. Nilikuwa natazama lile vumbi na kuomba Mungu liinuke.

Liliinuka. Pikapu ilifika kabla ya ambulensi. Japhet alishuka na mkanda wake mkononi, akatukuta tuko chumba kimoja, akasimama kama aliyeona mzuka. Nikamfokea apande. Mzee wa nyota aliiendesha ile pikapu barabara ile ya changarawe mpaka nikadhani tutafia njiani, Baba kati yake na mimi mbele, kichwa chake nimekishika kisigongwe, na Japhet nyuma kwenye bodi anakula vumbi.

Hospitali walikuwa wameshaandaa. Walimtia matone, wakampa vidonge na sindano, na jioni ile jicho likaanza kulainika. Daktari kijana aliyekuwa zamu alisema angelala kule gizani mpaka jua kuzama, basi. Nikatoka nje nikalia kwenye ukuta wa maegesho.

Sasa sikia kituko. Baba hakukasirika hata kidogo kwamba nimeuvunja mwiko. Alikasirika kwamba tulimficha, na hasira yote akampa Japhet. "Nimefundisha sayansi maisha yangu yote," alimwambia kitandani, "na wewe unanificha somo la jicho langu mwenyewe. Ningeziona nikazijua. Nimeziona nikazisifu, kama mjinga." Tangu hapo hakumsemesha. Akitaka maji ananiambia mimi: mwambie mumeo alete maji. Japhet yuko pale pale, anasikia. Yaani mwiko ulinitoka mimi ukamhamia yeye! Ningecheka, kama uso wa Japhet usingekuwa vile.

Walipomruhusu tulielekezwa turudi Durban bila kuchelewa, ili atobolewe jicho Alhamisi hii badala ya mwezi wa kumi. Gari la Zénon lilikwisha fungwa mkanda mpya. Khanga tuliitundika kama awali, Baba mwenyewe ndiye aliyeuliza iko wapi. Lakini tulipofika njia panda ya makumbusho ya mifupa akasema, "Rhoda, mwambie mumeo asimame." Alilitaja jina langu. Japhet akasimama bila kungoja kuambiwa.

Mnyama wake yuko ndani ya kabati la kioo katikati ya chumba, fuvu na mbavu, na yale meno mawili. Baba aliingia na miwani myeusi, akasimama upande mmoja. Japhet alibaki mlangoni kama mtoto aliyefukuzwa darasani. Baba akainama, akasogea, akainama tena. Maandishi hakuweza kuyasoma. Akaliambia lile kabati, siyo mimi, "Kama humu ndani kuna mtu anayejua kusoma, anisomee."

Nikaenda kusimama upande wa pili wa kioo. Mnyama alikuwa kati yetu, tukamwangalia yeye. Nikasoma kila kitu, nikitafsiri, umri wa jiwe, alikula nini, alivyochimba. Palipoandikwa kwamba mifupa ya jamii yake imepatikana pia Tanzania, Baba aligonga kioo kwa kidole. "Rudia hapo," akasema. Nikarudia. Nikamwona Japhet kule mlangoni anajifuta uso.

Tumefika Durban jana. Kabla sijaweka mzigo chini nilikimbilia kwa Colette nikamshika mtoto paji la uso. Baridi kabisa, alikuwa anakula ugali na samaki, hakutaka hata kunisalimia.

Hapa naiacha barua, wifi. Alhamisi ndiyo watamtoboa jicho. Daktari hajatuahidi kitu. Alisema kule kuziba kumelijeruhi, na hawezi kujua limebakiza nini mpaka atazame. Sitaki kukutumia nusu ya habari.

Ijumaa, 25 Septemba

Naendelea. Jana tulikwenda wote watatu. Japhet alikaa benchi moja na Baba, kimya, mimi benchi la nyuma yao nikikodolea macho sakafu. Jina lilipoitwa Baba akanyanyuka, akanyoosha mkono pembeni bila kugeuka, na mkono ule ukamtafuta Japhet. Japhet akaushika. Wakaingia pamoja. Mimi nilibaki na miwani yake myeusi mapajani, nikiifungua na kuifunga, mpaka mtu aliyekaa kando yangu akaniuliza kama mimi ni mzima.

Walipotoka, Baba ndiye aliyeeleza, kwa kirefu, kama kawaida yake: tundu limekaa, maji yanapita, presha imeshuka. Pembeni amepoteza, haoni kitu asipogeuza kichwa, na kilichopotea hakitarudi. Lakini katikati pamebaki. Amesoma herufi za ukutani mpaka mstari wa tatu, na akamsahihisha nesi mmoja matamshi. Mwezi ujao atarudi nyumbani akiwa anajionea njia mwenyewe.

Leo asubuhi nilishuka ngazi, nikakohoa kama siku zote. Mlango wa Zénon ukafunguka kidogo, sauti ikasema ndani, "Unamwandikia Atuganile?" Nikasema ndiyo, nikiwa nimetazama ukuta. Akasema, "Mama yao atauliza nani alitoa ruhusa. Usiandike 'Baba anawasalimu', ataona umejitungia. Niandike kwa jina langu." Kisha akasema tutakapokuja nyumbani, taratibu zinazotakiwa kwa aliyevunja mwiko atazisimamia yeye, na mlango ukafungwa.

Basi kwa mara ya kwanza nafurahi kwamba wewe barua unaisoma kuanzia chini.

Japhet anakusalimu wewe na watoto, anasema atawaandikia akishapata la kusema. Zénon na Colette wanawasalimu ingawa hamjuani. Zénon anaapa mkanda ule ulikuwa mzima alipotupa gari. Mtoto wetu Tumpe anawasalimu binamu zake. Mfikishie Mama salamu zangu na magoti yangu yote mawili. Mungu awalinde hapo nyumbani, awape mvua kwa wakati, na atukutanishe tukiwa na macho ya kutazamana.

Na hii ni ya Mama, kama nilivyoagizwa:

Ambokile anakusalimu. Anaona.

Wako akupendaye, wifi yako,
Rhoda